Nchi Nne za Gesare

Kwamboka alifika Birongo siku moja kabla ya maziko ya mama yake. Alivaa koti refu jeusi, na wanawake tuliokuwa tukimenya ndizi nyuma ya jiko tuliacha visu tukamtazama akishuka ule mteremko wenye utelezi. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono na kwa jina, hata wale aliowaacha wakiwa wasichana wa shule. Aliponifikia mimi alisema, "Bosibori." Hakuuliza hali wala hakungoja jibu. Akanyoosha mkono kwa mwanamke aliyeketi kando yangu, na wenzangu wote wakainama juu ya ndizi zao kama watu waliokumbuka ghafla kwamba wageni watataka kula. Niliendelea kumenya. Utomvu wa ndizi ulikuwa umenigandia vidoleni, na kwa muda mrefu sikuona ninachokikata. Sasa nina miaka arobaini na sita, nimefundisha watoto wa watoto niliowafundisha, na kuna mwaka mmoja ambao sijawahi kumsimulia mtu. Marehemu, yule tuliyekuwa tukimwita Magokoro, yaani bibi, aliujua mwaka huo karibu wote, na mbele ya watu akanyamaza nao mpaka kaburini. Naona zamu yangu ya kunyamaza imekwisha.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu wa chekechea Suneka, na tuliishi watatu katika vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea: mimi, rafiki yangu Kwamboka, na binti yake Gesare, aliyekuwa akikaribia miaka mitano. Harufu ya mbolea ilipenya ukutani ikaingia kwenye nguo, kwenye unga, hata kwenye nywele za mtoto. Kati ya kitanda changu na chao tulining'iniza kitenge, na kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Kwamboka alikuwa muuguzi mjini Kisii. Alikuwa amepata kazi katika hospitali moja ya Welisi, huko Uingereza kama tulivyosema sote wakati huo, na barua ya kazi aliihifadhi ndani ya Biblia. Baba wa mtoto alikuwa ameondoka zamani na hatukumzungumzia. Jioni tulipika chinsaga, yaani mgagani, kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha, tukala na ugali wa wimbi, na chakula kikiisha Kwamboka alitandika daftari lake mezani palipokuwa na sahani.

Wauguzi waliokuwa wakijiandaa kuondoka walikutana kila Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja mjini, na mwalimu mmoja mstaafu aliwafundisha mambo ya huko waendako. Kwamboka alirudi na somo zima kichwani akatufundisha sisi ili lisimtoke. Ufalme ni mmoja, alisema, lakini nchi ni nne: Uingereza, Skotilandi, Welisi na Ayalandi ya Kaskazini. Kila nchi ina ua lake na mtakatifu wake. Uingereza ina waridi. Skotilandi ina mbigili, mmea wa miiba. Ayalandi ina mmea mdogo wenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, na Welisi ina ua la manjano lenye umbo la tarumbeta, na pia kitunguu cha majani. Gesare alicheka sana kusikia kwamba kuna watu ambao alama ya nchi yao ni kitunguu. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita tulichora yote hayo kwa kalamu za rangi nilizoazima shuleni, tukaibandika chati ukutani juu ya kitanda chao. Tulichora simba wa Uingereza. Tulichora joka jekundu la Welisi. Tulichora na mnyama wa Skotilandi, farasi mweupe mwenye pembe moja kwenye paji la uso na mnyororo shingoni.

"Huyu anaishi wapi?" Gesare aliuliza.

"Haishi popote," mama yake akamjibu. "Mnyama huyo hayupo. Ni wa hadithi."

"Kama hayupo, kwa nini wamemfunga?"

Mtoto huyo alikuwa hivyo. Swali lake lilikukuta na mdomo wazi. Tulipomwonyesha bendera na kumweleza kwamba ni misalaba mitatu iliyowekwa mmoja juu ya mwingine, msalaba wa Uingereza, wa Skotilandi na wa Ayalandi, alihesabu kwa kidole akarudia kuhesabu.

"Na ya Welisi iko wapi?"

"Haimo," Kwamboka akasema. "Welisi ilikuwa imeshaunganishwa na Uingereza zamani, kwa hiyo hawakuiweka."

"Lakini wewe unaenda huko."

"Naenda huko."

Gesare alikunja uso. Tangu siku hiyo, alipoambiwa ataje zile nchi nne, alianza na Welisi. Ukimsahihisha anaanza upya, na bado Welisi inakuja mbele. Mwalimu mimi nilijaribu mara mbili tatu nikaacha. Nilimwelewa. Mahali atakapokuwa mama yake hapangeweza kuwa pa tatu.

Magokoro alikuja Suneka kumuaga bintiye. Aliketi kwenye kiti chetu cha pekee, kikapu miguuni, vidole vyeusi kwa kuchuma majani chai. Aliitazama ile chati kwa muda mrefu kama mtu anayesoma, ingawa hakujua kusoma.

"Hao watu wanakunywa chai?" aliuliza.

"Asubuhi, mchana na jioni," Kwamboka akasema.

"Wanaipanda?"

"Haioti huko, Mama. Kuna baridi."

"Basi nitachuma vizuri," alisema Magokoro. Tulicheka. Yeye hakucheka. Alimwita Gesare akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwombea kwa Kigusii kwa sauti ya chini, akaomba afike salama kwa mama yake siku itakapofika. Mpango ulikuwa huo. Kwamboka angemaliza miezi ya majaribio, mpaka Agosti, kisha aanze kushughulikia karatasi za mtoto. Mpaka hapo Gesare angekaa nami kwa ajili ya shule, na likizo kwa bibi yake Birongo. Kwamboka alinikabidhi kwa maneno machache. Alisema, "Wewe ndiye mama sasa." Nilimjibu, "Nenda, usiwe na wasiwasi." Watu husema hivyo kila siku wala hawaulizwi.

Aliondoka Januari. Kila Jumapili saa tisa alipiga simu kwenye simu yangu, ile niliyoifunga kwa mpira ili betri isidondoke, na Gesare aliisubiri tangu adhuhuri. Kwamboka alitusimulia mambo ambayo yule mwalimu hakuwafundisha. Vibao vya barabarani viliandikwa kwa lugha ya Welisi kwanza. Kondoo walikuwa wengi kuliko watu. Joka jekundu alilikuta hata kwenye kituo cha mafuta. "Usiwaite Waingereza," aliniambia, "wanakasirika. Ni kama mtu aje Birongo akuite Mkipsigisi." Kisha aliomba apewe mtoto, na mtoto alitaja nchi zake, Welisi kwanza, na maua yake, na mwisho aliuliza swali lilelile: umeona joka leo? Nilikuwa nimeketi pale nikisahihisha madaftari. Nilisikia Kwamboka akicheka kule mbali, halafu akinyamaza.

Mvua za Mei mwaka huo zilikuwa kubwa, na mbu walikuwa wengi kwenye mitaro ya soko. Alhamisi saa tisa, baada ya uji, Gesare aliniambia kichwa kinamuuma. Nilimgusa. Alikuwa wa moto. Nikadhani ni mafua, maana tulinyeshewa Jumatano tukitoka shuleni. Nikampa dawa ya maji ya kutuliza homa iliyokuwa kwenye kabati, homa ikashuka, nikatulia. Ijumaa wakaguzi walikuwa wanakuja shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa ametuonya wiki nzima, na mimi bado sikuwa nimeajiriwa rasmi. Gesare aliamka amelegea. Nilimvisha sweta mbili nikaenda naye, nikamlaza kwenye mkeka nyuma ya darasa, na wenzake wakaimba nyimbo za wakaguzi juu ya kichwa chake. Mkaguzi mmoja aliuliza, "Huyu ana nini?" Nikasema, "Ana usingizi tu, bwana." Jioni alikataa ndizi, akakataa chai. Nikampa tena ile dawa. Jumamosi alfajiri alianza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Nilimbeba mpaka barabarani pekupeku, msamaria mmoja mwenye pikapu akatufikisha hospitalini. Daktari kijana alimshika, akamtazama macho, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Homa ilianza lini?"

"Jana," nilisema.

Alikuwa na malaria iliyopanda kichwani. Walifanya walichoweza. Gesare alifariki kabla ya saa sita mchana, na muuguzi mmoja aliyesoma na Kwamboka ndiye aliyemfunika. Wengine wakiuliza, nilisema jana. Sikuwa nimepanga kudanganya. Lilinitoka mdomoni, na lilipokwisha kutoka sikuweza kulirudisha.

Tulimzika Birongo siku iliyofuata, Jumapili. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeketi nyuma ya ukuta wa jiko, moshi ukipita kwenye nyufa, nikamsikia Nyakundi, kaka yake Kwamboka, akizungumza na mama yake ndani.

"Yuko kwa majaribio mpaka Agosti," alisema Nyakundi. "Akiambiwa sasa atapanda ndege arudi, na akirudi hakuna kwenda tena. Tutakuwa tumepoteza kila kitu."

Nilisikia kuni zikisukumwa.

"Mimi siogopi kazi," alisema Magokoro. "Naogopa yeye. Yuko peke yake kwenye nyumba ya watu. Nani atamshika akianguka? Mtoto ameenda. Sitaki wawe wawili."

"Basi tunyamaze."

"Tunyamaze mpaka Agosti. Lakini ni yule mwalimu anayeongea naye."

Waliniita ndani. Nilikubali haraka kuliko walivyotarajia. Walidhani ni huruma. Sehemu ilikuwa huruma. Sehemu nyingine ni kwamba Kwamboka asingeniuliza ni lini homa ilianza kama hajui kuna homa.

Saa tisa tulikuwa tunarudi kutoka kaburini, udongo mwekundu kwenye viatu, simu ikalia ndani ya kibeti changu. Watu waligeuka. Nyakundi alinitazama. Nilikwenda nyuma ya migomba nikapokea.

"Mbona kuna watu?" Kwamboka akauliza.

"Tuko Birongo. Kuna maombi."

"Nipe Gesare."

"Amelala."

"Saa hizi?"

"Amecheza sana."

Jumapili ya pili nilisema ameenda kwa rafiki yake. Jumapili ya tatu nilisema mtandao mbaya nikakata, nikazima simu, nikaketi nayo mapajani kama kitu kilichokufa. Kwamboka aliandika ujumbe: Jumapili ijayo lazima niongee na mtoto wangu. Nikaupeleka kwa Nyakundi. Aliusoma mara mbili. Kisha akamwita binti yake, Bochaberi, rika moja na Gesare, sauti nyembamba kama yake.

"Mfundishe," aliniambia.

"Kumfundisha nini?"

"Zile nchi. Si wewe ni mwalimu?"

Nilimchukua Bochaberi Suneka siku nne. Nilimkalisha kwenye kitanda cha Gesare chini ya ile chati nikamfundisha kama ninavyofundisha, kwa kuimba, kwa kupiga makofi, kwa biskuti anapopatia. Alikuwa mtoto mwerevu na mtiifu. Alijifunza waridi na mbigili, simba na joka. Alijifunza kusema "Mama, umeona joka leo?" Hakuuliza kwa nini yule farasi amefungwa. Nimefundisha miaka mingi, nimesifiwa, nimepewa vyeti, na sijawahi kufundisha somo vizuri kama lile. Jambo hilo ndilo linaloniamsha hata leo.

Jumapili saa tisa simu ililia. Nilimshikia Bochaberi simu sikioni.

"Gesare?" sauti ya Kwamboka ilisikika wazi. "Mama yangu. Nitajie nchi zako."

"Uingereza," akaanza Bochaberi, akipiga makofi mapajani, "Skotilandi, Welisi, Ayalandi ya Kaskazini."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemfundisha mpangilio wa chati. Nilisikia kitu kama bomba la maji kikitiririka kule upande wa pili, na mtu akipita korido akicheka.

"Na ua la Welisi?" Kwamboka akauliza taratibu.

"La manjano, kama tarumbeta. Mama, umeona joka leo?"

"Nimeliona. Asante, mama. Umesoma vizuri. Mpe Auntie simu."

Nilipokea.

"Bosibori," alisema, "mvua bado inanyesha huko?"

"Inanyesha."

"Huku pia."

Akakata. Hakupiga tena kwenye simu yangu. Agosti Nyakundi alimpigia akamwambia, na akatueleza kwamba hakulia. Alisema "Nimesikia" na kuuliza kama mama yake anakula. Hakuja. Alituma salamu kwa mama yake miaka yote kupitia simu ya Nyakundi, na jina langu halikutajwa. Mimi niliibandua ile chati, nikaitia kwenye jiko, nikahama vile vyumba. Bochaberi ni mama wa watoto watatu sasa. Nimewahi kumuuliza kwa mbali kama anakumbuka kukaa kwangu Suneka. Anakumbuka biskuti.

Magokoro tulimzika Jumatatu, watu wengi, mvua ikingoja mpaka mchungaji alipomaliza. Jumanne asubuhi nilikuwa nasugua sufuria kwa majivu, Kwamboka akaja akasimama mbele yangu, lile koti limefungwa mpaka shingoni. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu.

"Nionyeshe," alisema.

Nilinawa mikono. Tulipita migomba, tukapita shimo la maji machafu, tukafika nyuma ya boma. Nilijua tutakachokikuta. Mahali hapo Nyakundi alikuwa amejenga banda la ng'ombe, nguzo za mkaratusi na mabati, muda mrefu sasa. Hapakuwahi kuwekwa msalaba wala jiwe. Udongo ulididimia, nyasi zikaota, na nadhani hata yeye alikuwa amesahau, au amejisahaulisha. Ng'ombe mmoja alikuwa amefungwa ndani, anacheua.

"Wapi?"

"Hapa. Kichwa kilielekea ile nguzo ya pili."

Kwamboka alitazama chini, kwenye samadi na maji.

"Nilijua siku ile," alisema. "Huyo mtoto hata kabla hajamaliza neno la kwanza. Nilimwacha amalize. Niliona nikimkatiza, basi itakuwa kweli. Nilikaa kwenye chumba cha kufulia mashuka mpaka msimamizi akaja kunitafuta. Miezi mitatu nilienda kazini nikijua, nikiwasubiri mniambie. Nilikuwa naogesha wazee wa watu nikisema labda Jumapili hii Bosibori atapiga."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mama aliniambia mwaka jana kwenye simu kwamba yeye ndiye aliyeamua. Yeye nimemsamehe. Ila kuna kitu sijaelewa. Kwenye karatasi ya hospitali niliyotumiwa baadaye waliandika homa ya siku moja. Nimekuwa muuguzi miaka yote hii. Siku moja haifanyi hivyo kwa mtoto aliyekuwa anakula vizuri. Si rahisi."

Nilishika nguzo. Ilikuwa na unyevunyevu.

"Ilianza Alhamisi," nilisema.

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa tisa. Baada ya uji."

"Endelea."

Nikaendelea. Nilimwambia Alhamisi yote, na Ijumaa yote, sweta mbili, mkeka, wakaguzi, alichokataa kula, dawa kiasi gani na mara ngapi. Aliniuliza kama alitapika. Aliniuliza kama alikuwa akinijua. Aliniuliza kama alimtaja yeye, na nikamwambia ndiyo, Ijumaa jioni, mara nyingi, na kwamba nilimwambia asubiri Jumapili. Hakulia wala hakunipiga. Nilitamani anipige. Nilipofika mwisho alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye mti wa uzio.

"Nyakundi!" aliita.

Kaka yake alikuja akijifuta mdomo, amekula. Alituona tulipo, akasimama mbali.

"Toa hii kitu," Kwamboka akasema.

"Dada, mvua inakuja. Ng'ombe atalala wapi? Hebu tuongee kwanza hii maneno..."

Kwamboka alipanda juu ya hori kwa viatu vyake vya ugenini, akashika ukingo wa bati la kwanza kwa mikono mitupu, akalivuta. Misumari ililia. Nyakundi aliangalia, kisha akaenda kuleta nyundo na wanawe, wakaanza kung'oa kutoka upande wa pili. Mimi nilimfungua ng'ombe nikamtoa nje, nikasimama kwenye mvua nimeshika kamba, mpaka bati la mwisho likashuka.